Mkataba wa Wiki 13 Usiwe Mlango wa Kwanza wa Kurudi Wodini

Muuguzi wa Marekani aliyekaa nje ya hospitali kwa miaka sita, akiamua leo kurudi kazini, kwa kawaida hupigiwa simu na wakala wa mikataba ya kusafiri (kazi za muda katika hospitali za mbali na nyumbani) kabla hospitali ya jirani haijajibu maombi yake. Wakala ana haraka, anakaribisha, na anataja malipo ya wiki yanayomfanya ajiulize kwa nini alichelewa hivyo kurudi. Hospitali ya jirani huchuja maombi kwa kompyuta, na pengo la miaka sita kwenye wasifu linaweza kumwondoa kabla mtu yeyote hajasoma jina lake.

Naandika makala hii kuwatetea wauguzi hao, na kwa sababu hiyo hiyo nasema wasianzie kwenye mkataba wa kusafiri. Wanaweza kuufikia, na wengi watafanikiwa wakiufikia, lakini uwe hatua ya pili. Lawama yangu kubwa siielekezi kwao, bali kwa hospitali zilizofunga milango mingine yote kisha zikashangaa kuona watu wanapitia ule mmoja uliobaki wazi.

Tuanze na namna kazi yenyewe inavyokwenda. Mkataba wa kawaida ni wa wiki 13, zamu tatu za saa 12 kwa wiki, katika hospitali iliyopungukiwa na watu. Huenda wauguzi wake wa kudumu wako likizo ya uzazi, huenda msimu wa mafua umejaza vitanda, huenda wafanyakazi wameacha kazi kwa wingi. Hospitali humlipa wakala, naye wakala humlipa muuguzi. Bei ni kubwa kwa sababu hospitali inanunua mtu aliye tayari. Mafunzo elekezi mara nyingi ni ya zamu moja au mbili, na sehemu nzuri ya muda huo huishia kwenye nywila, kitambulisho na namna ya kufungua kabati la dawa. Baada ya hapo mgeni anakabidhiwa wagonjwa wake kama mwenyeji. Wodi ikiwa na watu wa kutosha siku hiyo, kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kuhamishiwa wodi nyingine, ambako hajui hata taulo zinawekwa wapi.

Kwa hiyo mawakala wengi hudai mwaka mmoja au miwili ya uzoefu wa karibuni katika wodi ya aina ile ile. Kwa muuguzi aliyelea watoto au kumuuguza mzazi kwa miaka kadhaa, sharti hilo huonekana kama dharau. Mimi naliona kuwa sharti la haki. Tatizo ni kwamba huwa linalegea pale soko linapokaza. Mkataba ulio mbali, zamu za usiku, hospitali ambayo wengine wameikimbia: hapo anayetafuta wa kujaza nafasi huanza kuona pengo kuwa si kubwa sana, na muuguzi aliyekataliwa kwingine huona hatimaye amepata mtu anayemwamini. Matokeo yake, mwenye maandalizi machache zaidi hupelekwa mahali penye msaada mdogo zaidi.

Kabla ya kupelekwa huko atajaza orodha ya ujuzi. Hii ni fomu ambayo muuguzi hujipa alama mwenyewe, mara nyingi kuanzia 1 hadi 4, kwa kila kazi ya wodini: kumhudumia mgonjwa mwenye mrija wa kifuani, kurekebisha kiwango cha dawa za kupandisha shinikizo la damu, kutambua dalili za mwanzo za sepsisi (hali ya hatari mwili unapoitikia maambukizi kupita kiasi), kuongeza damu. Hakuna anayesimama kando kumtazama akifanya. Afisa wa wakala anayeandikisha wauguzi, ambaye kipato chake mara nyingi hutegemea idadi ya mikataba anayoifunga, akiona alama za 2 nyingi anaweza kumshauri aitazame tena orodha yake. Naye muuguzi anajijua. Alizifanya kazi hizo zote vizuri, kwa miaka. Alama 4 haitakuwa uongo akiwafikiria wagonjwa wa zamani. Itakuwa uongo kwa mgonjwa wa Jumatatu ijayo.

Nasisitiza fomu hiyo kwa sababu ndiyo inayobeba uzito wote na ndiyo inayojazwa harakaharaka kwenye simu. Sheria haimpi muuguzi aliyerudi kipimo laini. Likitokea kosa, swali litakuwa muuguzi makini angefanya nini katika hali ile. Halitakuwa muuguzi aliyepumzika miaka sita angefanya nini. Wakala atabaki na biashara yake na hospitali ina mawakili, lakini leseni ni ya mtu mmoja. Texas ina utaratibu unaoitwa Safe Harbor, unaomruhusu muuguzi aliyepangiwa kazi anayoiona si salama kutamka hivyo kwa maandishi na kuomba jopo la wenzake liipitie, bila kuadhibiwa kwa kutamka. Ni utaratibu mzuri. Hata hivyo, mgeni wa siku ya tatu, aliyeandika kwenye fomu kwamba anaiweza kazi ile ile, atautumia kwa ujasiri gani?

Kuna watakaosema uuguzi hausahauliki. Nakubali nusu. Kumsoma mgonjwa usoni, kugundua kwamba yule aliyekuwa mchangamfu saa mbili zilizopita amenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida, kuzungumza na familia iliyoshikwa na hofu, kukataa kupuuzwa na daktari aliyechoka: hayo hukaa, na kwa wengi hukomaa zaidi nje ya hospitali, hasa kwa waliomuuguza mtu wao wenyewe. Kinachopotea ni kasi, na pamoja na kasi mazingira yote yaliyoizunguka.

Chukua aliyeondoka mwaka 2014. Mwaka uliofuata mwongozo wa kumfufua mgonjwa ambaye moyo umesimama uliiondoa dawa ya vasopressin kwenye hatua zake. Mwaka 2016 sepsisi ilipewa tafsiri mpya ya kitabibu. Wagonjwa wengi ambao zamani wangekuwa wanatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakipimwa damu kila mara, leo wanatumia apixaban, dawa mpya zaidi ya kazi hiyo hiyo, na mpango wa kuwaandaa kwa upasuaji umebadilika. Semaglutide, dawa ya kisukari ambayo pia hupunguza uzito, iliidhinishwa 2017 na sasa imeenea; huchelewesha chakula kutoka tumboni, jambo linalomhusu moja kwa moja muuguzi anayempeleka mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji. Janga la UVIKO-19 lilieneza mashine za oksijeni ya kasi ya puani hadi kwenye wodi ambazo hazikuwahi kuziona. Ongeza pampu za dripu zinazozungumza na rekodi ya mgonjwa, dawa zinazotolewa baada ya kusoma msimbopau wa bangili iliyo mkononi mwa mgonjwa, na ujumbe wa simu kutoka kwa madaktari usioisha zamu nzima. Hata aliyewahi kutumia Epic, mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, atakuta kila hospitali imeupanga mfumo huo kwa namna yake.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo gumu kwa mtu aliyesomea kazi hii. Yote yanajifunzika, lakini hayajifunziki kwa pamoja, usiku, ukiwa na wagonjwa watano, katika jengo ambalo hujui ngazi zake. Kwa mtazamo wangu, mtu mwepesi kujifunza huhitaji miezi mitatu hivi kupata tena mdundo wake, yaani zamu inayokwisha bila kukimbizana na saa tangu dakika ya kwanza. Wiki 13 ndiyo miezi mitatu hiyo. Maana yake, anayeanza na mkataba huutumia wote akiwa katika kipindi chake kigumu, na siku anapoanza kutulia mkataba unakwisha, anahamia hospitali nyingine, na ugeni unaanza upya. Atakuwa amefanya kazi mwaka mzima bila mtu hata mmoja kumwona akiimarika.

Na wodi hubeba gharama hiyo. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za Pennsylvania ulioonyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi wa upasuaji huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Ratiba ya zamu humhesabu muuguzi wa mkataba kuwa mtu kamili. Akiwa bado anatafuta mwendo wake, wenzake wa kulia na kushoto huongezewa kazi ambayo ratiba haiioni, na wagonjwa wao hupungukiwa na macho ya kuwatazama.

Leseni haitatui jambo hili, ingawa wengi huichukulia kuwa kibali cha utayari. California huhuisha leseni kila baada ya miaka miwili kwa ada na saa 30 za masomo endelevu. Muuguzi anaweza kuitunza ikiwa hai kwa muongo mzima bila kumgusa mgonjwa. Ikiisha muda kwa zaidi ya miaka minane, ndipo atatakiwa kuufanya tena mtihani wa taifa au kuonyesha leseni hai ya jimbo jingine. Texas imechukua njia ninayoipenda zaidi: ambaye hajafanya kazi ya uuguzi kwa miaka minne hutakiwa kupitia kozi ya kunoa ujuzi au mafunzo elekezi marefu, na bodi hutoa kibali cha muda cha miezi sita ili afanye mazoezi hayo chini ya usimamizi. Texas inauliza lini mara ya mwisho ulikuwa kando ya kitanda. Laiti majimbo yote yangeuliza hivyo.

Mapatano ya leseni kati ya majimbo, yaliyoanza kufanya kazi mwaka 2000, na ambayo toleo lake jipya lenye masharti makali zaidi lilianza kutumika mwaka 2018, yanamruhusu muuguzi anayeishi katika jimbo mwanachama kufanya kazi kwa leseni moja katika majimbo na maeneo zaidi ya 40. Ni msaada mkubwa kwa anayesafiri. Lakini California na New York hazimo, na Minnesota, ambako wauguzi wengi wenye asili ya Afrika Mashariki wanafanya kazi, nayo haimo. Anayeishi Minnesota anaomba leseni ya kila jimbo peke yake, kwa ada na alama za vidole. Anayerudi kazini aanzie kwenye suala la leseni kabla ya kupokea simu ya wakala, kwa sababu wakala atakayekuahidi kuanza baada ya wiki mbili huenda hajauliza leseni yako ni ya wapi.

Sasa pesa, ambako naona watu wakiumia bila kujua. Malipo ya mkataba wa kusafiri hugawanywa mara mbili: mshahara wa saa unaokatwa kodi, ambao mara nyingi ni mdogo kuliko wa muuguzi wa kudumu, na posho za nyumba na chakula zisizokatwa kodi. Jumla inapendeza. Posho hizo husamehewa kodi kwa sharti moja: uwe na makazi ya kikodi mahali pengine na uwe unalipia gharama za sehemu mbili. Kwa mtu asiye na mahali pa kudumu pa kazi, mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, hutazama mambo matatu: je, hufanya sehemu ya kazi yake katika eneo la nyumbani, je, gharama za nyumbani zinaendelea wakati yuko mbali, na je, hajalihama eneo hilo.

Muuguzi aliyeacha kazi miaka sita iliyopita hajafanya kazi karibu na nyumbani kwa miaka sita. Kigezo cha kwanza kinampiga chenga hapo hapo. Akitimiza viwili vilivyobaki, uamuzi utategemea mazingira yake yote, na atahitaji karatasi za kuthibitisha. Akitimiza kimoja tu, huhesabiwa kuwa mtu asiye na makazi ya kikodi, na kila dola ya posho inageuka kuwa mshahara uliopaswa kukatwa kodi. Muuguzi aliyeacha kazi ya kudumu wiki iliyopita akaanza kusafiri yuko kwenye hali tofauti kabisa, hata kama matangazo ya malipo wanayosoma ni yale yale. Fedha za kumlipa mtaalamu wa kodi anayewafahamu wauguzi wa kusafiri zitolewe kabla ya kusaini.

Kuna jambo jingine ambalo sijamsikia wakala yeyote akilitaja. Pensheni ya Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Marekani, hukokotolewa kwa kutumia miaka 35 yenye kipato kikubwa zaidi, na mwaka usio na kipato katika hesabu hiyo huingia kama sifuri. Karibu wauguzi tisa kati ya kumi Marekani ni wanawake, na sifuri hizo ni miaka waliyolea watoto na wazazi. Anaporudi kazini akiwa na umri wa miaka 45 au 50, miaka iliyobaki ndiyo nafasi yake ya kuzifunika. Posho zisizokatwa kodi haziingii kwenye hesabu hiyo. Anaweza kushika pesa nyingi kwa miaka mitano huku rekodi yake ya Social Security ikionyesha mtu wa kipato kidogo. Mshahara huo mdogo ndio pia unaotazamwa kwenye fidia ya ajira iliyokatika na, kwa kawaida, malipo ya siku za ugonjwa, pale zinapolipwa. Kwa kijana wa miaka 27 hilo linaweza kusubiri. Kwa anayerudi, ndilo ningeliweka juu ya meza kwanza.

Basi mkataba unamfaa nani? Aliyekaa nje kwa miezi kadhaa, au mwaka mmoja na kidogo, na anarudi kwenye wodi ya aina ile ile. Pia anayerudi kwanza kama mfanyakazi wa kawaida, hata wa zamu za kuitwa, mahali ambapo kuna muuguzi mzoefu wa kumsimamia, akakaa hapo mwaka mmoja. Mwaka huo unampa uzoefu wa karibuni ambao wakala mzuri anautaka, unampa wadhamini wanaoyajua maisha yake ya sasa, na unampa ile kazi karibu na nyumbani ambayo IRS inaiuliza. Tena humwonyesha kama bado anaipenda kazi yenyewe, maana wapo wanaogundua kwamba walikuwa wanaipenda wodi fulani na watu fulani ambao hawapo tena. Kugundua hivyo ukiwa dakika 20 kutoka nyumbani ni nafuu kuliko kugundua ukiwa umelipia pango la miezi mitatu katika mji ambako humjui mtu.

Akisha kuwa tayari kusafiri, ningependa achague mkataba wa kwanza kwa vigezo ambavyo tangazo la malipo haliviweki mbele: mfumo wa rekodi alioutumia mwaka huo, wodi yake ile ile, na idadi ya wagonjwa inayojulikana. California, pamoja na usumbufu wa leseni yake, ina sheria ya uwiano iliyoanza kutumika 2004: wodi za kawaida za magonjwa na upasuaji mwisho wagonjwa watano kwa muuguzi mmoja, wagonjwa mahututi mwisho wawili. Uwiano huo ni kinga kwa mtu ambaye bado anajipima. Na kwenye usaili, ambao mara nyingi ni mazungumzo mafupi ya simu na msimamizi wa wodi, aulize zamu za mafunzo elekezi ni ngapi, atahamishiwa wodi zipi, na saa zake zimehakikishwa vipi wagonjwa wakipungua, kisha majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya simuni huondoka na msimamizi aliyeitoa.

Nimesema lawama yangu iko kwa hospitali. Mhitimu mpya wa uuguzi, katika hospitali nyingi kubwa za Marekani, huingizwa kwenye programu ya mwaka mzima yenye msimamizi, madarasa na wenzake wa kundi moja. Hakuna anayeona aibu kumpa mwaka. Aliyefanya kazi miaka kumi akasimama sita hana programu hiyo. Mara nyingi masharti ya programu hiyo yanamkataa kwa kuwa ana uzoefu, na nafasi ya kawaida inamkataa kwa kuwa uzoefu wake ni wa zamani. Kozi za kunoa ujuzi zipo, lakini sehemu ya darasani ndiyo rahisi. Sehemu ya wodini inahitaji hospitali ikubali kumpokea na imtoe muuguzi wa kumsimamia, na hapo ndipo wengi hukwama, wakipiga simu mlango hadi mlango wakiwa wamekwisha kulipia kozi.

Hospitali hujibu kwamba hazina wasimamizi wa kutosha. Hospitali hizo hizo hulipa bei ya wakala, mkataba baada ya mkataba, kwa watu watakaoondoka baada ya wiki 13 na ujuzi wote walioupata pale. Takriban wauguzi 100,000 waliacha kazi katika kipindi cha janga, kwa makadirio ya baraza la taifa la bodi za uuguzi. Huenda wengi wana leseni bado. Mwezi Machi 2020, New York ilipowaomba wahudumu wa afya waliostaafu na walioacha kazi warudi, waliojitokeza walikuwa makumi ya maelfu, na majimbo yalilegeza masharti ya leseni ndani ya siku chache tu. Watu wapo, na nia ya kuwapokea ilipokuwepo taratibu zilipatikana.

Ninachokidai ni kidogo kuliko kilichofanyika wakati ule. Kila hospitali inayonunua wauguzi wa mikataba ya kusafiri itenge, kwa mwaka, fedha za mikataba michache kati ya hiyo na kuzitumia kwa wiki 12 za malipo kamili ya muuguzi anayerudi, akiwa na msimamizi mmoja, nje ya hesabu ya uwiano wa zamu. Msimamizi alipwe nyongeza kwa kazi hiyo. Mwishoni mwa wiki 12 hospitali impe nafasi ya kudumu au imwambie kwa maandishi nini bado kinapungua. Na bodi za majimbo ambayo bado huhuisha leseni kwa ada na masomo ya kompyuta peke yake ziweke ukomo wa miaka ya kukaa mbali na mgonjwa kama Texas ilivyofanya, lakini ziuambatanishe na orodha ya hospitali zilizokubali kupokea watu, ili anayeambiwa akajinoe asiachwe atafute mwenyewe mahali pa kujinolea.